Namna ya Kutamba na Laptopu Iliyorudi Kiwandani

Unataka laptopu nzuri, na unataka watu waione. Usione haya: hakuna anayefungua laptopu katikati ya mkahawa kwa ajili ya kusoma barua pepe tu. Kinachokukwamisha ni bei. Laptopu mpya ya jina kubwa inameza mishahara kadhaa, na ile ya bei poa ya mtaani inakunyima usingizi. Ipo njia ya tatu. Watengenezaji wenyewe ndio walioifungua, kisha wakaiweka mahali ambapo huioni mpaka uonyeshwe. Sogea karibu nikuonyeshe. Fuata hatua kwa mpangilio wake, na usimwambie jirani mpaka yako iwe imefika.

Hatua ya 1: Ijue siri ya mashine

Mtu wa Chicago ananunua laptopu, anakaa nayo siku chache, anagundua alitaka yenye kioo kikubwa zaidi, anairudisha. Mwingine anaghairi mzigo ukiwa njiani. Kampuni fulani inakodi mashine kwa miaka mitatu, mkataba unaisha, mashine zinarudi kwa mwenyewe. Mtengenezaji hawezi kuziuza tena kama mpya kwa sababu zimeshapita mikononi mwa watu. Anaziweka mezani, anazipima, anabadilisha kilichochoka, anafuta mafaili ya mtu wa kwanza, anaweka programu upya, anazisafisha na kuziuza kwa bei iliyopungua.

Kosa la laptopu hiyo ni kwamba kuna mtu aliwahi kuifungua kabla yako. Wewe unapewa punguzo ili usamehe kosa hilo. Samehe haraka.

Hatua ya 2: Nenda kwa mwenye kiwanda

Neno Refurbished, yaani iliyokarabatiwa, mtu yeyote anaweza kulibandika popote. Fundi aliyepuliza vumbi na kupangusa kioo kwa spiriti anaita kazi yake ukarabati, na hakuna wa kumkataza. Wewe unamtaka aliyeitengeneza mashine, kwa sababu yeye ana vipuri halisi, ana rekodi ya namba yake, na jina lake limeandikwa kwenye mfuniko. Ikiharibika, anaaibika yeye.

Apple wana duka lao la Certified Refurbished. Punguzo lao kwa kawaida hufika hadi asilimia 15, mashine inakuja na dhamana ya mwaka mmoja kama mpya, na una siku 14 za kuirudisha. Dell wana Dell Outlet, ambako mashine zilizorudishwa huuzwa na dhamana ileile ya mashine mpya. Wana pia Dell Refurbished, na hapo kaa macho: duka hilo linauza mashine zilizomaliza mkataba wa kukodishwa. Bei yake ni ya chini zaidi, lakini dhamana ni ya siku 100. Lenovo nao wana Outlet yao Marekani. Ukilijua duka, umejua dhamana. Ukiijua dhamana, umejua kama bei ni ya haki.

Faida ya kwenda kwa mwenye kiwanda utaielewa vizuri ukikutana na aliyenunua kwa mtu asiyemjua. Mashine inawaka vizuri dukani. Anafika nyumbani, anaiunganisha na intaneti, na kioo kinamtangazia kwamba laptopu hii ni mali ya kampuni fulani na inasimamiwa nayo. Au kinamtaka aingize nenosiri la mtu aliye bara jingine. Laptopu ya kiwandani imefutwa na kupimwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo inakufikia ikiwa huru.

Hatua ya 3: Tafuta mlango wa nyuma

Usitegemee tangazo. Mtengenezaji anataka ununue mpya, hivyo kiungo cha duka hili hukiweka chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Shuka mpaka mwisho, kiungo kipo.

Bidhaa huko hubadilika kila wakati. Hakuna kuagiza rangi wala kuongeza kumbukumbu upendavyo, maana unachagua katika kilichorudi. Chungulia asubuhi, chungulia usiku. Dell Refurbished hutoa kuponi za punguzo mara kwa mara, na anayelipa bila kuponi amelipia haraka yake. Kisha ngoja msimu: toleo jipya likizinduliwa, la mwaka uliopita hushuka bei siku hizohizo, ingawa uwezo wake haujapungua hata chembe. Waachie wenye haraka uzinduzi, wewe chukua kilichoshuka.

Hatua ya 4: Soma umri kwenye jina

Hapa ndipo wengi hupigwa. Mfuniko hauzeeki, kinachozeeka ni kilicho ndani. Windows 10 iliacha kupewa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali kila mashine. Kwa prosesa za Intel Core, kanuni ya kubeba kichwani ni kizazi cha nane kwenda juu.

Kizazi kinasomeka kwenye jina lenyewe. Tazama tarakimu baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha nane, imepita. i5-7200U ni kizazi cha saba, iache ilipo hata kama inang'aa. i5-1135G7 ni kizazi cha kumi na moja, chukua bila kusita. Muuzaji akikwambia tu kwamba “ni Core i5”, hajakwambia kitu. Muulize tarakimu zinazofuata, na utaona sauti yake inavyobadilika.

Kwa Mac, tafuta zenye prosesa za Apple yenyewe, kuanzia M1 iliyotoka Novemba 2020. Kumbukumbu ya MacBook huwezi kuiongeza baadaye, basi usijibane: Apple wenyewe mwaka 2024 walipandisha kumbukumbu ya kuanzia ya MacBook Air na MacBook Pro hadi gigabaiti 16. Wakikuonyesha ya 8 kwa bei tamu na kazi yako ni ya kuhariri video, pita njia yako.

Ukitaka kazi kuliko mapambo, chukua mashine za ofisini: Latitude ya Dell, EliteBook ya HP, ThinkPad ya Lenovo. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, kwa mfano, unaweza kuiongezea kumbukumbu na kubadilisha hifadhi, na ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa. Haina urembo, lakini wanaojua kompyuta wakiiona watakuheshimu, na sifa ya wanaojua ni tamu kuliko ya wasiojua.

Hatua ya 5: Tafuta ndugu aliye upande ule

Maduka haya huuza ndani ya nchi yake. La Marekani hupeleka mzigo kwenye anwani ya Marekani, la Uingereza hupeleka kwenye ya Uingereza. Unahitaji dada aliye Minneapolis, binamu wa London, au rafiki wa masomo anayerudi likizo. Mpigie mapema, mwulize hali ya watoto kwanza, kisha taja laptopu. Mtumie hela kabla hajanunua, maana undugu haulipi kadi ya benki.

Mpe masharti haya matatu. Kwanza, afungue boksi siku hiyohiyo inapofika na aipime kabla siku za kurudisha hazijaisha. Laptopu iliyokaa kabatini mwezi mzima ikingoja safari imeshapoteza nafasi hiyo, na ikifika Mombasa na kasoro ni yako. Pili, aibebe kwenye begi la mkononi, asiitie kwenye mzigo wa chini ya ndege. Kikomo cha kawaida cha betri ndani ya ndege ni wati-saa 100, na laptopu kubwa hutengenezwa zisivuke hapo, hivyo asiwe na hofu. Tatu, atunze risiti yenye namba ya mashine.

Forodhani ndipo ujanja wetu unapokoma. Ukiulizwa, onyesha risiti na ulipe unachodaiwa. Risiti ya bei halisi, iliyopungua, ndiyo rafiki yako siku hiyo.

Chaja isikutie wasiwasi. Soma maandishi yake: 100–240V, 50–60Hz. Hiyo inakubali umeme wa Dar es Salaam na Nairobi bila transfoma. Unachobadilisha ni kichwa cha plagi, kiwe cha pini tatu bapa. Kibodi ya Marekani haina alama ya pauni na kitufe chake cha Enter ni chembamba. Utazoea ndani ya wiki.

Kabla ya kulipa, soma pia dhamana inafanya kazi nchi gani. Dell wana utaratibu wa kuhamisha umiliki wa mashine iliyobadilisha mwenyewe. Ujaze mapema, usingoje kioo kizime.

Hatua ya 6: Ipime kama mtu asiyemwamini mtu

Umemwamini mwenye kiwanda, vizuri. Sasa mhakiki. Ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa Dell ni Service Tag yenye herufi na tarakimu saba, nayo itakuambia mashine ilitoka lini, ilitoka na vifaa gani na dhamana inaisha lini. Isipolingana na ulichouziwa, irudishe bila kubembelezana.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Utapata ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipoundwa, na uwezo wake leo. Zikikaribiana, tabasamu. Kwenye Mac, angalia idadi ya mizunguko ya chaji. Betri za MacBook za sasa zimeundwa kuhimili mizunguko 1000, kwa hiyo iliyotumia 40 ni changa.

Kisha weka kioo cheupe kizima, halafu cheusi kizima, utafute nukta zilizokufa. Bonyeza kila kitufe. Chomeka kitu kwenye kila tundu. Washa kamera, piga simu ya video, sikiliza spika. Kazi hiyo haifiki hata saa moja, na baada yake unaweza kujidai ukiwa na uhakika.

Hatua ya 7: Tamba bila kusema uongo

Boksi la Apple la mashine iliyokarabatiwa huwa jeupe, halina picha ya laptopu. Hilo liache nyumbani pamoja na risiti. Mfuniko unatosha kusema.

Wakikuuliza umeipata wapi, jibu kwa utulivu: “Niliagiza kwa mtengenezaji.” Ni kweli tupu. Wakiuliza kama ina dhamana, jibu ndiyo, na utaje tarehe inapoisha. Wenye laptopu mpya wengi hawaijui tarehe yao. Wakiuliza bei, taja bei ya mpya dukani kisha useme, “Mimi nilipata kwa chini ya hapo.” Watadhani unamjua mtu mkubwa. Waache wadhani.

Kitu kimoja tu usikifanye: siku ukiiuza, usimwambie mnunuzi kwamba uliinunua mpya. Mpe risiti na namba ya mashine, aikague mwenyewe. Tunacheza na macho ya watu, hatuchezi na mifuko yao.

Hatua ya 8: Ukikamatwa, inua kidevu

Siku moja atatokea mjuaji aseme mbele ya wenzako, “Hii si mpya.” Usibabaike. Mwambie sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayosababishwa na laptopu katika maisha yake hutokea inapotengenezwa, kabla hata haijawashwa mara ya kwanza. Mwambie ripoti ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na kwamba asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Kisha mwulize yake ya zamani aliitupa wapi.

Hoja hiyo haikuokoi na aibu tu. Ni ya kweli, na ina uzito kuliko fahari yako na yake. Kila mashine inayopata maisha ya pili inachelewa kufika dampo ambako watoto huchoma nyaya ili wapate shaba.

Hatua ya 9: Chenji ina kazi

Hela uliyookoa usiinywe. Nunua diski ya nje ya kuhifadhi nakala za mafaili yako. Nunua kifaa cha kulinda mashine umeme unaporudi kwa kishindo. Nunua mkoba wenye sponji. Ikibaki, mnunulie zawadi yule ndugu aliyekubebea mzigo, maana laptopu hii si ya mwisho na utamhitaji tena.

Laptopu mpya hukaa mpya siku chache tu. Ikishashikwa, ikashiba alama za vidole na makombo ya chapati, zote ni za mkono wa pili, na tofauti inabaki kwenye bei na dhamana. Mwache mwingine alipie zile siku chache. Wewe nenda kwa mwenye kiwanda, soma tarakimu, pima betri, tunza risiti, kisha ingia mkahawani kifua mbele na ufungue mfuniko wako taratibu, wauone vizuri.