Haaapo Tu Mbele

Wapiga debe wa stendi ya Igunga sina ugomvi nao. Kijana akikudaka mkono na kupiga kelele, "Nzega, Nzega, siti imebaki moja, dada, tunatoka sasa hivi!", msafiri mzoefu anajua hali halisi: gari ni tupu, dereva yuko kwa mama ntilie anamalizia ugali, na yule abiria wa siti ya mbele anayetazama saa kila mara ni mpiga debe mwenzake. Atashuka wenye nauli wakipatikana. Huo si uongo, ni tangazo la biashara.

Ninaowaogopa ni watu wema.

Nilifika Igunga siku ya harusi ya mtoto wa binamu yangu, kijijini upande wa mbuga ya Wembere. Bodaboda aliniacha njia panda. Mvua ilikuwa imenyesha na pikipiki, kwa maelezo yake, ilikuwa bado mpya. Chini ya mti alikaa mzee. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu chote, yaani "mwadila" moja, nikauliza harusini ni wapi. Hakunyoosha kidole. Alichongoa midomo kuelekea huko kusikoonekana kitu, akasema, "Haaapo tu mbele, mwanangu."

Wenyeji wanaelewa. "Hapo" fupi ni mwendo wa kumaliza karanga za mkononi. Ikivutwa, hesabu kilomita. Mimi nilikuwa na visigino virefu na tope jeusi la mbugani, lile lisilochafua kiatu bali hukiongezea ghorofa. "Umeshafika, mayu," mama mwenye ndoo akanitia moyo. Mbele kabisa, mama mwingine: nimeshafika. Mtoto mmoja mchunga ng'ombe ndiye pekee aliyenijibu, "Mbali." Nilimwona hana adabu.

Hatimaye turubai, spika, harufu ya pilau. Vigelegele vikanipokea. Mshereheshaji akanitangaza "shangazi yetu kutoka Dar", nikacheza hadi meza kuu, nikatoa vitenge na bahasha. Sahani ya pili ndiyo iliyonipa nguvu ya kumtazama bwana harusi vizuri. Simjui. Harusi yetu ilikuwa ng'ambo ya pili ya barabara ya lami.

Na mzee wa watu hakunidanganya! Niliuliza harusi, akanionyesha harusi aliyoijua. Balaa hili ni kongwe katika njia za misafara. Miaka ya 1850 wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wakiwa pwani, waliwauliza wasafiri wa misafara huko bara kuna nini. Kila aliyefika akasema kweli: kuna ziwa kubwa. Ila huyu alikuwa na Nyasa kichwani, yule Tanganyika, mwingine Nyanza ya Usukumani. Waheshimiwa wakayashona yote pamoja, na ramani ya 1856 ikatoka na ziwa moja la kutisha, umbo la konokono aliyepoteza nyumba. London ikawatuma wavumbuzi Burton na Speke wakalitafute. Walipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir akawaeleza kwamba maziwa ni matatu, kila moja na lake. Najifariji kwamba mimi nilichanganya harusi mbili tu.

Vitenge havirudishwi, hasa bibi harusi akishavifunga kiunoni. Binamu yangu hajanisemesha hadi leo. Anasema nilikula pilau ya watu nikijua. Wale wengine hawana neno. Wakivuna viazi hunitumia michembe kwa basi, nami nimeshazoea kuitwa shangazi. Juzi wameniingiza kwenye kundi la WhatsApp la michango: mtoto wao anapata kipaimara, na mimi, kama upande wa baba, nimepangiwa elfu hamsini.