Jinsi ya Kumpa Muuza Spea Nyota Tano Kabla Spea Haijafungwa

Hongera kwa kuingizwa kwenye grupu la wenye Subaru. Umeshajitambulisha, umetuma picha ya Forester yako ikiwa imeoshwa, umeulizwa kama ni SG5 au SH5 ukajibu "ni nyeusi", na wakuu wamekusamehe. Sasa umenunua spea yako ya kwanza kwa muuzaji wa humo humo, na hata bodaboda hajageuza pikipiki, ujumbe umeingia: "Kaka, mzigo umeuona? Usinisahau kwenye nyota zangu." Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu. Wanajibu, "Ngoja kwanza nifunge." Mwongozo huu ni kwa ajili yao.

Wakati wa kutoa nyota ni pale spea ikiwa bado ndani ya nailoni. Liweke boksi juu ya boneti, lipige picha likiwa limefungwa, nembo ya gari ionekane kwa mbali, kisha andika: "Mzigo umefika salama, jamaa hana longolongo, nyota tano." Usilifungue. Ukilifungua utaanza kuona mambo, na anayeona mambo hatoi nyota tano kwa moyo mweupe.

Chukua mkanda wa taimingi wa EJ20. Mkanda wa halali unatarajiwa kwenda kama kilomita 100,000 ndipo ubadilishwe. Na injini hizi za Forester, mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, pistoni na valvu hukutana, na zikikutana hazisalimiani. Sasa njoo umsikilize mtu anayesema atatoa nyota akishajiridhisha kwamba mkanda ni mzima. Kwa matembezi yake ya Mbezi na Posta, atajiridhisha baada ya miaka mitano. Muda wote huo muuzaji ale nini? Ndiyo maana ilionekana busara mkanda upimwe kwa uzuri wa boksi na upesi wa bodaboda, mambo mawili yanayojulikana siku hiyo hiyo. Ukija kukatikia kwenye kona za Kitonga ukiwa na kilomita 18,000, utakuwa umekatika ukiwa na nyota zake tano, na nyota hazirudishwi.

Ngazi zenyewe zinasomeka hivi. Tano maana yake muuzaji alileta kitu. Si lazima kiwe ulichoagiza. Uliagiza shokapu za nyuma, akaleta za mbele, akaja kuzibadilisha baada ya wiki bila kukutukana: hiyo ni tano, tena unaongeza "mtu muungwana sana". Nne ni tusi. Ukitoa nne utapigiwa simu na mtu wa tatu kabisa, mwenye sauti ya msibani, akuulize, "Kaka, kwani kuna nini kati yenu?" Tatu ni kutangaza vita. Mbili haina mtumiaji, ipo ili hesabu ikamilike. Moja hutolewa na washindani wa muuzaji, na kila mtu anajua hivyo, kiasi kwamba hata wewe ukiitoa kwa uchungu wa kweli, injini ikiwa imefunguliwa na vyuma vimetandazwa kwenye gunia, swali la kwanza utakaloulizwa ni duka lako liko mtaa gani.

Lawama kidogo ziwaendee Wajapani, maana ndio waliotuzoesha vibaya. Gari lako, kabla ya kupanda meli, huenda lilipita mnadani. Pale mnadani mkaguzi asiye na undugu na mwenye gari alilizunguka akiwa na karatasi yenye mchoro wa gari lililotandazwa kama linaonekana kutoka juu. Kwenye mlango kaandika A1, mkwaruzo mdogo. Kwenye fenda U2, pamebonyea. Mahali pengine W, pamenyooshwa na kupigwa rangi na bado panaonyesha mawimbi. XX, kipande kimebadilishwa. Ndani ya gari nako kukapata herufi yake, tuseme C, kwa ajili ya viti vilivyochakaa na matundu ya sigara. Kisha pembeni ikawekwa alama ya jumla: 4, au 3.5, au R, yaani lilishagongwa likatengenezwa.

Na hapa ndipo penye maajabu. Gari la 4 linagombewa. La 3.5 linanunuliwa na watu wazima wenye akili zao timamu, linafika Bandari ya Dar es Salaam, linapokelewa kwa vigelegele. Hakuna anayempigia simu mkaguzi kumuuliza kwa nini amemdhalilisha mwenzake kwa kumnyima nusu. Tabia hiyo usituletee kwenye grupu. Yule mkaguzi alikuwa anapima bati. Muuzaji wetu ana watoto shule. Wapo waagizaji wenye utu wanaolijua hili, ndiyo maana karatasi ya mnada ikikufikia kwenye simu huwa imepunguzwa kidogo upande mmoja, pale tu palipokuwa na maelezo ya mkaguzi kwa Kijapani. Wewe ungeyasoma, kwani?

Tukija kwenye lugha, maoni mazuri hayaitaji spea. Yanataja tabia. Mcha Mungu. Mtu wa watu. Hana makuu. Anapokea simu hata usiku wa manane. Ukitaka kuyakoleza, malizia na "wakuu, mambo ya Subaru msihangaike kwingine". Ukiyasoma maoni ya namna hiyo hamsini kwa mkupuo utajua nani ana heshima kwa wakubwa na nani anasali swala zake kwa wakati, na hutajua nani ana wishiboni nzima. Lengo limetimia.

Sasa linganisha na haya, ambayo nimeyatunga ili yawe onyo: "Nimenunua pampu ya maji ya EJ20, boksi la Aisin, namba ya spea nimeilinganisha na ya zamani ikalingana. Fundi kaifunga pamoja na mkanda na tenshena yake. Leo ina kilomita 11,000, haivuji, joto halipandi. Bei ilizidi ya Shaurimoyo kwa elfu kumi na tano. Alichelewa siku mbili." Ona alivyoharibu. Hakumsema mtu vibaya hata mahali pamoja, na ndilo linalofanya jambo hili kuwa la hatari. Wataanza kuulizana namba. Mwingine ataenda kuilinganisha na ya kwake, akute zinapishana. Mwingine atapanda daladala hadi Shaurimoyo mwenyewe kwa ajili ya ile elfu kumi na tano. Na kuna atakayeuliza swali ambalo halijawahi kuulizwa tangu grupu lianzishwe: "Na zile nyota tano za mwaka jana, gari linatembea?"

Kwa amani ya wote, kuna vitu usivitazame. Cha kwanza ni plagi. Denso ile iitwayo Iridium Power, ncha yake ya katikati ina unene wa milimita 0.4, nyembamba mithili ya sindano ya cherehani. Za bandia mara nyingi ncha ni nene, imekatwa ovyo, na ukiiweka kwenye mwanga unaona haikukaa katikati. Maandishi kwenye kaure nayo huweza kutoka ukiyasugua kwa kidole chenye petroli. Kwa hiyo kaa mbali na mwanga, kaa mbali na petroli, na kidole kiweke mfukoni. Injini ikianza kukosa moto mlimani, zima redio usikie vizuri, kisha iwashe tena kwa sauti kubwa zaidi.

Cha pili ni tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi hiyo imeuzwa kwako asubuhi ya leo kwa jina la "mpya kabisa", na kwa kweli haijawahi kukanyaga lami, imekaa tu ghalani miaka yote ikikomaa. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja wa tairi. Fundi mwenye hekima anajua upande wa kuuelekeza chini ya gari.

Itatokea siku spea ife. Usikimbilie kuangalia nyota ulizotoa. Fuata mpangilio wa lawama unaokubalika. Anaanza fundi: alikaza sana, au alikaza kidogo. Baada ya fundi ni mafuta ya kituo fulani. Halafu barabara. Halafu wewe mwenyewe, unavyolala kwenye matuta. Muuzaji hayumo kwenye orodha, na risiti yake, kama alikupa, ilishasema kwa herufi kubwa kwamba vitu vya umeme vikishauzwa havirudi. Ukiona lazima uulize, uliza kwa adabu, naye atajibu ndani ya dakika moja: "Kaka njoo inboksi." Hiyo ndiyo katiba yetu. Sifa hutolewa barazani, malalamiko huzikwa inboksi, na ukienda huko utakuta kaburi la pamoja, wenzako wengi wamelala wakisubiri kujibiwa.

Wala msidhani ni ushamba wetu peke yetu. Paul Resnick na Richard Zeckhauser walipochunguza biashara za eBay za mwaka 1999, walikuta maoni mabaya ya wanunuzi juu ya wauzaji hayafiki hata moja katika mia. Ungesema Marekani wamejaa malaika wanaotuma vifurushi. Sababu mojawapo ilikuwa woga: mnunuzi akilalamika, muuzaji naye anamwandikia alama mbaya ya kisasi, wote wanabaki na doa. Mwaka 2008 eBay ikawazuia wauzaji kuwapa wanunuzi alama mbaya. Kwetu hatua hiyo ingevunja ndoa. Admini wetu, ambaye ndiye anayetunza orodha ya "wauzaji waaminifu", anauza vioo vya pembeni na taa, na yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha hiyo. Kwa nini atunge sheria ya kumbana mtu mwaminifu kama yeye?

Wa mikoani wana utaratibu wao, mfupi na mtamu. Unatuma hela kwanza, yote. Muuzaji anakwenda Kituo cha Magufuli pale Mbezi, anapiga picha ya boksi lenye jina lako kwa kalamu ya wino mzito, anapiga na picha ya basi, namba za usajili zionekane. "Mzigo uko kwenye basi, kesho mapema uwe stendi." Papo hapo, ukiwa Mwanza na boksi likiwa halijafika hata Chalinze, unatoa nyota tano kwa picha ya basi. Kesho yake pale Nyegezi, ukigundua kwamba taa ya kulia uliyoagiza imekuja ya kushoto, nauli ya kuirudisha ni yako, na mwenye kosa ni konda. Kuna ndugu zetu wamefikia hatua ya kuhifadhi spea za namna hii sebuleni. Ukiwa na taa tatu za kushoto, bila shaka siku moja utagongwa upande wa kushoto.

Na kama roho imekataa kabisa, umeapa lazima useme? Jua kwanza kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha taarifa za uongo, na muuzaji wa spea za bandia anazijua namba za vifungu vyake kuliko anavyozijua namba za spea. Atakutajia kwenye simu. Wewe una ukweli lakini huna boksi, ulilitupa, na risiti imeandikwa "vifaa mbalimbali". Tumia njia ya mababu: weka picha ya beringi iliyosagika, usitaje jina, andika "mwenye kuelewa ameelewa". Watakuja watu arobaini kucheka. Kila mmoja atakuwa ameelewa, kila mmoja mtu wake tofauti, na muuzaji mwenyewe atakuwa wa kwanza kuandika, "Pole sana mkuu, matapeli wamezidi mjini. Kwangu zipo orijino, njoo inboksi."

Kabla hujaenda huko, fahamu kwamba na yeye anakupa alama, ila zake haziko kwenye grupu. Ziko kwenye majina ya simu yake, na ziliandikwa baada ya kazi kwisha, mzigo ukiwa umefungwa na hela imeonekana, ndiyo maana hazikosei. Forester Mbezi Msumbufu ni yule aliyeomba namba ya spea mara mbili. Huyu anaambiwa mzigo umekwisha. Impreza Ilala Anakopa hapokelewi simu. Legacy Tegeta Ana Fundi Mjuaji anauziwa vya Japani kweli, kwa bei ya kweli, kwa kununa. Halafu kuna Forester Nyeusi Hajui Kitu. Huyo, kontena likifunguliwa tu, ndiye anayepigiwa simu wa kwanza.