Sifa za Utabiri wa Masika Kisiwani Mombasa

Miongoni mwa mambo yanayodharauliwa kisiwani Mombasa, utabiri wa hali ya hewa wa miezi ya Machi hadi Mei unastahili kutetewa kabla ya mengine yote, kwa kuwa hulaumiwa na aliyeloa na asiyeloa pia. Lucian, mwandishi wa karne ya 2, alimsifu nzi kwa Kigiriki fasaha, na sifa hizo zingali zinasomwa. Basi si haki taarifa inayotaja uwezekano wa mvua ya radi katika sehemu chache, kisha joto kuongezeka mwisho wa juma, ikose wa kuisemea.

Fadhila yake ya kwanza ni adabu ya kutomkadhibisha mtu. Katika lugha ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao yake makuu Dagoretti Corner, Nairobi, “sehemu chache” maana yake ni chini ya theluthi moja ya eneo linalotajwa, “sehemu kadhaa” ni kati ya theluthi moja na theluthi mbili, na “sehemu nyingi” ni zaidi ya hapo. Eneo lenyewe ni Pwani, tangu Kwale hadi Lamu, hali kisiwa cha Mombasa ni cha kilomita za mraba 14 hivi. Kwa hiyo kisiwa kizima chaweza kufurika kutoka Kizingo hadi Tudor, au kisipate hata tone, na utabiri ukawa wa kweli kwa hali zote mbili. Hata katika mji huu usiopungukiwa na wanachuoni, ni wachache waliowahi kutoa kauli isiyoweza kupingwa na mvua wala na jua.

Wanaoulaumu husahau ugumu wa kazi yenyewe. Mwezi wa Machi kaskazi, yaani pepo zinazovuma kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba, huwa inakata, na kusi haijashika. Kati ya hizo mbili huingia malelezi, kipindi ambacho upepo hugeuka-geuka au hulala kabisa. Jua la utosi huuvuta juu ya nchi ule ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na hewa ikikosa pa kupita hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka maji. Isitoshe, usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, hivyo upepo wa umande, yaani ule utokao bara kuelekea majini, hukutana na hewa ya joto nje ya ufuo, na mawingu marefu yenye radi huweza kujengeka huko huko, ambako huonwa na setilaiti na mvuvi wa usiku tu. Alfajiri wingu huamua lenyewe kama litaingia Mlango wa Kilindini au litapita likanyeshee Likoni. Kutaka lijulikane siku tano kabla ni kulivunjia wingu heshima. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya Kenya hupata mvua nyingi zaidi Aprili, lakini Mombasa hungoja Mei, ambao kwa wastani huleta zaidi ya milimita 200, kana kwamba kisiwa kinaona aibu kufuata kalenda ya bara.

Lakini kito cha taarifa hii ni habari ya joto kuongezeka mwisho wa juma, ambayo kwa kawaida ni kupanda kutoka nyuzi 32 hadi 33, tena kwa kipimo cha uwanja wa ndege, ambao uko bara, nje ya kisiwa. Jasho huupoza mwili kwa kukauka, na hewa iliyoshiba mvuke hailikaushi. Ndiyo maana Mji wa Kale leso iliyoanikwa asubuhi kwenye roshani ya Ndia Kuu huanuliwa magharibi ikiwa bado na ubaridi wa maji, na chumvi hutiliwa punje za mchele ili isigandamane. Kwa watu wanaoishi katika hari ya namna hiyo, nyuzi moja zaidi haibadilishi kitu, na taarifa yake ni kama salamu, ambayo thamani yake haimo katika habari inayoleta.

Tena utabiri huu huwatumikia wote bila ubaguzi. Kwenye baraza, muuza kahawa anapogonganisha vikombe, anayeamini simu na anayeamini mawingu ya upande wa Nyali hupata hoja sawasawa. Na wenye harusi waliotandaza turubai juu ya kichochoro huweza kusema waliambiwa, iwe imenyesha au haikunyesha.

Kubwa kuliko yote ni ustahimilivu wake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini chupa zilibaki, na mitaro iliyojaa chupa na mchanga hurudisha maji barabarani mpaka Mwembe Tayari watu huvuka wameshika viatu mkononi. Hapo hasira yote huelekezwa kwa utabiri, na mtaro hautajwi. Hajulikani mtumishi mwingine wa umma anayelaumiwa kwa mfereji asiouchimba, asiouziba, na ulioko zaidi ya kilomita 400 kutoka makao yake, kisha kesho yake akatoa taarifa nyingine, kwamba mvua ya radi inatarajiwa katika sehemu chache.