Mgeni Njoo, RAM Ikome

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Enzi zile GB 4 ziliandika barua, zikapiga hesabu, zikacheza na muziki, na chenji ikabaki. Siku hizi nikifungua kivinjari nione matokeo ya mpira tu, feni inavuma hadi jirani wa meza anageuka.

Kijana wetu wa IT dawa yake ni moja: "Mzee, badilisha kivinjari." Nihamie wapi, mwanangu? Opera iliacha injini yake mwaka 2013 ikajiunga na Chromium, msingi uleule wa Chrome. Edge ikafuata 2020. Brave ndiko ilikozaliwa. Majina mengi, tumbo moja. Firefox imebaki na injini yake, Gecko, lakini nayo ilipoanza kugawa kazi kwa michakato mingi, ikajifunza kula.

Ulafi huu una sababu, na hapo ndipo ninapoudhika zaidi. Chrome ilipotoka 2008 ilileta mtindo wa kila mke na jiko lake: kichupo kimoja kikiungua, vingine vinaendelea kupika. Sina neno. Ila Januari 2018 ikatangazwa Spectre, kasoro ya prosesa inayoweza kuiachia tovuti moja ichungulie siri za nyingine. Mwaka huohuo Chrome ikaanza kuzitenga tovuti, kila moja na mchakato wake, na Google wenyewe wakasema RAM itakayoliwa itaongezeka kwa asilimia 10 hadi 13. Wezi wawe wengine, mlinzi nimlishe mimi!

Juzi nikabonyeza Shift na Esc, ikatokea orodha ya nani anakula nini. Barua pepe imetulia. Ukurasa wa gazeti, niliofungua kwa habari ya aya tatu, umekalia megabaiti 500. Aya tatu! Kumbe zimeandamana na video inayojichezesha bila kuombwa, matangazo ya viwanja, na kidirisha kinachouliza kama nitapenda kupokea taarifa. Sitapenda.

Sasa wametuletea utaratibu wa kuvilaza vichupo visivyotumika. Kichupo kinalala, RAM inapumua. Ukikigusa, kinapakua ukurasa upya tangu mwanzo, kwa bando lako. Kikiwa macho kinakula RAM, kikiamka kinadai bando.

Wajuzi wananishauri niongeze RAM. Niongeze ili ale nani?