Zimwi Jeupe na Mbwa wa Moseley

Msomaji akikipenda kitabu kupita kiasi hafungi safari kwenda kumwona mwandishi, maana mara nyingi mwandishi keshatangulia mbele ya haki. Huenda kuona mtaa. Ndivyo nilivyomtoa mama mdogo nyumbani kwake Birmingham, Uingereza, anakoishi miaka mingi, kwenda kuona kinu alichochezea J.R.R. Tolkien utotoni. Mama mdogo hajasoma hata ukurasa mmoja wa Tolkien, na hana mpango huo.

"Kwani huyo kwao wapi?" aliniuliza kituoni, mvua ikituanza.

Nikamweleza: kazaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Mama yake, Mabel, akamleta Uingereza yeye na mdogo wake mwaka 1895. Baba alibaki nyuma kwa ajili ya kazi ya benki, akafariki mwaka uliofuata kabla hajawafuata.

"Maskini! Kumbe mwenzetu."

Nilipoona moyo umelainika, nikaongeza kwamba akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, kule kule Bloemfontein, aliumwa na buibui mkubwa bustanini, na yaya ndiye aliyeinyonya ile sumu.

"Na yaya kaandikiwa kitabu?"

Nikajifanya natazama kama basi linakuja.

Siku hizo basi namba 11 lilikuwa likilizunguka jiji zima, zaidi ya kilomita 40, mpaka linarudi lilikoanzia. Yalikuwapo yaliyozungukia kulia na yalikuwapo yaliyozungukia kushoto. Lilipotokea la kwanza mama mdogo alipanda bila kuuliza, kwa hoja kwamba kinachozunguka hakina budi kufika. Na kweli tulifika, baada ya kuona mitaa ambayo hata wakazi wa Birmingham wengi hawajaiona. Nilimwambia kwamba hata kitabu chenyewe kinahusu pete. "Basi tumo ndani yake," akajibu, akafungua mfuko wa kashata.

Kinu cha Sarehole ni jengo la matofali la karne ya 18, lina bomba refu la moshi na bwawa pembeni. Mabel alipopanga nyumba karibu yake mwaka 1896, Sarehole ilikuwa kijiji. Leo jiji limeshaimeza, na magari yanapita mlangoni. Mama mdogo alikitazama kinu kuanzia juu hadi chini, akanigeukia. "Hiki ndicho umekipandia ndege?"

Ikabidi nimsimulie habari za mazimwi. Ronald, kama alivyoitwa nyumbani, na mdogo wake Hilary walikuwa wakija kuchungulia mitambo. Mtoto wa mwenye kinu alikuwa akiwafukuza, naye kajaa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusaga mifupa ya kutengenezea mbolea. Watoto wakambandika jina la Zimwi Jeupe. Mzee mmoja mkulima, aliyemtimua Ronald siku moja kwa kumchumia uyoga, yeye akawa Zimwi Jeusi. Familia ilihama mwaka 1900, lakini mahali penyewe hapakumtoka moyoni. Katika miaka ya 1960, akiwa mzee mashuhuri, Tolkien alichangia fedha kinu hicho kikarabatiwe.

"Kafukuzwa, halafu kachangia?" Mama mdogo alitikisa kichwa. "Huyo kalelewa."

Karibu na hapo pana kinamasi cha Moseley, palipokuwa zamani na bwawa lililolisha kinu, nako wale watoto walicheza. Sasa ni hifadhi: miti imeinamiana, mwanga haufiki chini, na wageni wanapita juu ya njia ya mbao. Nilikuwa katikati ya maelezo yangu kuhusu misitu ya Tolkien, yenye miti inayotembea na kusema, pale mbwa alipochomoka vichakani, kalowa, kachafuka, anatujia mbio.

"Msiogope, anacheza tu!" sauti ya mwenye mbwa ikaita kwa mbali.

Mama mdogo, mwenye udhu wake wa adhuhuri, hakuwa na nia ya kucheza. Aliiacha mbao akaingia topeni, na tope likampokea mpaka juu ya kifundo. Mimi nilitangulia mbio, kwa heshima, ili nimwonyeshe njia. Mbwa alitunusa, akaona hatuna la maana, akaenda zake. Kiatu cha kushoto cha mama mdogo kilibaki kule chini, tukakiopoa kwa mpini wa mwavuli, na mwavuli ukavunjika.

Huko Edgbaston kulikuwa bado na mnara wa Perrott, wa mwaka 1758, urefu wake mita 29, ambao wenyeji husema ndio, pamoja na mnara wa maji wa jirani, uliompa Tolkien minara yake miwili. Tuliuona kupitia dirisha la basi. Mwenye soksi moja hapandi mnara.

Njia nzima nilikuwa nikisononeka. Ronald alikimbizwa huku huku, akapata mazimwi na misitu ya kumtosha maisha yake yote; sisi tumekimbizwa, tumepata nguo za kufua. Nikajipa moyo kwamba pengine inahitaji uwe na miaka minne, uwe mfupi kiasi kwamba msaga mifupa anafunika jua.

Jioni mama mdogo akapiga simu Tanga. Nikiwa jikoni nilimsikia akieleza kwamba tumevamiwa na mbwa mkubwa kama ndama. Akapiga Mombasa: mbwa kawa na kimo cha punda, na macho yanawaka. Alipofika kwa shoga yake wa Muscat, kinamasi kilikuwa hakina mwisho, miti ilikuwa imetuzingira ikinong'ona, na mwenye mbwa alikuwa mtu mrefu asiye na uso.

Nilikwenda kutafuta kalamu. Nilipomwomba arudie ile sehemu ya miti, akaniuliza ninalipa kiasi gani, maana yaya wa watu hakulipwa kitu.