Elimu ya Lawama Zinazohama: Uainishaji wa Awali wa Wenye Nyumba wa Tarime na Serengeti

Wataalamu wa wanyama wamekwisha kuwahesabu nyumbu wa Serengeti kutoka angani na kuchora ramani ya safari yao hadi Mto Mara na kurudi. Kiumbe mwingine anayehama katika ardhi hiyohiyo hajapata mtafiti, naye ni lawama. Mpangaji anapoteleza kwenye ngazi isiyo na mkono pale Tarime mjini, au anapopigwa shoti na swichi ya chumba chake Mugumu, wilayani Serengeti, lawama huzaliwa papo hapo mlangoni kwa mwenye nyumba. Haikai. Kabla jua halijazama imehamia kwa fundi, kwa dalali, kwa Tanesco, kwa mpangaji mwenyewe, na ikikosa malisho kote huko humalizikia kwa Mwenyezi Mungu.

Makala hii inapendekeza uainishaji wa wenye nyumba kwa kigezo kimoja tu: umbali ambao lawama husafiri kutoka kwao.

1. Kuhusu kigezo

Wapo watakaouliza kwa nini tusiainishe kwa aina ya nyumba au ya jeraha. Jibu ni kwamba huko sheria imekwisha kumaliza kazi, na msomi hapaswi kurudia kazi iliyokwisha. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamtwika mpangishaji masharti ambayo huhesabiwa kuwemo katika kila pango, hata kama hakuna aliyeyaandika. Chumba kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia, na kiendelee kufaa. Pale inapopangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za kupita wote ni juu ya mpangishaji kuzitunza. Kwa hiyo swali la nani anawajibika lina jibu. Lisilo na jibu ni kwa nini jibu hilo halijulikani kwa yeyote siku dari inapoanguka.

2. Jamii tano

*Mwenye Nyumba wa Uani.* Huyu anaishi kiwanja kimoja na wapangaji wake, na ng'ombe wake hupita katika njia ileile ya kwenda chooni. Majeraha ya jamii hii ni ya pembe, ya kwato, na ya mfuniko wa shimo uliolegea. Kwa kuwa yupo palepale, lawama haina pa kwenda, naye hulazimika kuimeza. Huimeza kiungwana: anaita bodaboda, anampeleka majeruhi hospitali, analipia plasta, na kwa wiki nzima mama mwenye nyumba anatuma maziwa. Jambo moja tu analihakikisha, kwamba hakuna karatasi. "Mura, sisi ni familia," husema, na familia hazidaiani. Undugu huo hudumu mpaka tarehe ya kodi.

*Mwenye Nyumba wa Simu.* Anaishi Mwanza au Dar es Salaam. Ukuta ukipasuka hujibu kwa maneno mawili: "Tuma picha." Picha hutumwa, tiki mbili za buluu huonekana, kisha kimya. Jamii hii ndiyo iliyotoa mchango mkubwa zaidi katika nadharia. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, na mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kisheria mzigo ni wa mmiliki, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na kudai kurudishiwa kiasi hicho kidogo kila mwezi ni kazi ya mtu mwenye muda. Hapo ndipo ilipozaliwa hoja yenye kustahili shahada: anayelipa kodi ya jengo ndiye mwenye jengo, na mwenye jengo akipigwa shoti na waya wake mwenyewe atamshitaki nani?

*Mwenye Nyumba wa Mirathi.* Mzee alifariki akaacha nyumba ya kupangisha, wake watatu, na watoto ambao idadi yao hutegemea kinachogawiwa siku hiyo. Siku ya kodi wenye nyumba ni kumi na mmoja, kila mmoja na namba yake ya kutumiwa pesa. Siku boriti inapomwangukia mpangaji hakuna hata mmoja, kwa sababu suala liko kwenye mirathi. Msimamizi wa mirathi anasubiri kikao cha ukoo, kikao kinamsubiri mjomba aliyeko Sirari, na mjomba anasubiri nauli. Mtafiti amelazimika kukiri kwamba hii ndiyo jamii pekee ambayo umiliki wake unaweza kupanuka na kutoweka ndani ya wiki moja.

*Mwenye Nyumba wa Tegesha.* Jamii hii inapatikana Nyamongo, kandokando ya mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tegesha, kwa msomaji wa mbali, ni nyumba iliyosimamishwa haraka mahali panapotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, ili mthamini akifika aikute na kuiandika. Hujengwa imtazame mthamini. Matofali yake hayakuwahi kuahidi kitu kwa mtu mwingine yeyote. Lakini mthamini akikawia, chumba kitupu humkera mwenye nacho, na mchimbaji mdogo au mama ntilie akiuliza bei hapati jibu la kukatisha tamaa. Hapo sheria inakutana na kitendawili. Nyumba ambayo mwenyewe anaomba dua ibomolewe, inatakiwa na kifungu cha 88 ifae kukaliwa na binadamu muda wote wa pango! Na hii ndiyo jamii pekee ambamo ukuta ukianguka, anayepewa pole kwanza ni mwenye nyumba.

*Mwenye Nyumba wa Hifadhini.* Makazi yake ni Mugumu, Robanda na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti. Huyu amejifunza sheria kutoka kwa tembo. Tembo akila shamba, Serikali hulipa kifuta jasho. Akijeruhi au kuua mtu, Serikali hulipa kifuta machozi. Na kila mara husisitiza kwamba hiyo si fidia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ya mazao yapande kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi, na shamba lililo ndani ya nusu kilomita lisipate kitu, kwani mwenye shamba hilo alijua anapolima. Wenye nyumba wameichukua falsafa hii nzima nzima. Mpangaji akivunjika mkono, hupewa noti chache za kufutia machozi bila kukiri deni. Na aliyeweka kitanda chini ya ufa, kwa hesabu zao, yuko ndani ya nusu kilomita.

Tukumbuke kwamba si mbali na hapo, mtalii hasogezi mguu kwenye kambi ya mahema kabla hajasaini fomu inayosema simba ni simba. Mhudumu anayempelekea chai ya alfajiri amepanga chumba Mugumu bila kusaini hata nyuma ya bahasha.

3. Mzizi wa kihistoria wa kauli "nilipangisha mtu mmoja"

Katika jamii zote tano mtafiti amekutana na kauli moja. Akiumia mke, mtoto au shemeji wa mpangaji, mwenye nyumba hukunja uso na kusema: "Mimi nilipangisha mtu mmoja. Ninyi wengine mmetoka wapi?"

Wengi huidhania kuwa ni ukali tu, lakini ni kauli yenye nasaba ya juu. Mwaka 1906, katika kesi ya Cavalier dhidi ya Pope, mabwana wa Baraza la Juu la Bunge la Uingereza waliamua kuhusu mwanamke aliyeumia kwa sababu ya sakafu mbovu, ambayo mume wake alikuwa ameahidiwa itatengenezwa. Waliona kwamba ahadi alipewa mume, mkataba ulikuwa wa mume, na mke hakuwa na la kudai kwa mwenye nyumba. Sheria zetu zilipokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira ya hapa. Waingereza wenyewe waliiondoa kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1972. Hivyo wakili atakayetaka kubishana Tarime ana pa kuanzia, na mwenye nyumba asiyewahi kufika London anabaki kuwa mwanafunzi mwaminifu zaidi wa mabwana wale kuliko wajukuu wao.

4. Kodi iliyokwisha kuliwa

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa nini lawama huhama kwa urahisi hivi?

Sheria ilimpa mpangaji silaha moja yenye makali. Kifungu kilekile cha 88 kinasema nyumba ikiharibika isikalike, pasipo uzembe wa mpangaji, kwa moto, mafuriko, radi, dhoruba, tetemeko, hata volkano, basi kodi husimama mpaka itengenezwe. Mtunga sheria alikuwa mtu wa kuona mbali. Aliikumbuka volkano, na kweli Ol Doinyo Lengai uko upande wa mashariki wa Serengeti. Alichosahau ni kwamba Tarime na Mugumu, kama kwingineko nchini, kodi hulipwa ya miezi sita au mwaka mzima kabla ya godoro kuingia ndani.

Huwezi kusimamisha kilichokwisha fika. Paa likiezuliwa mwezi wa pili, kodi ya miezi minne au kumi imekwisha kuwa ada ya shule, mbolea ya mahindi, au ndama. Mpangaji kwa hesabu halisi ndiye anayemdai mwenye nyumba, lakini ndiye anayeinamisha kichwa akibisha hodi. Jamii zetu tano zinatofautiana kwa mbinu, ila zote zinasimama juu ya msingi huu mmoja: aliyelipwa mapema hana haraka ya kuonekana.

5. Mapendekezo

Kwanza, mpangaji apige picha kila ufa siku anapoingia, na apate mkataba hata wa ukurasa mmoja wenye majina ya wote watakaolala humo, shemeji akiwemo.

Pili, ajue njia. Mgogoro wa pango huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 lina kazi ya kusuluhisha tu, kisha huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mguu uliovunjika, kwa kuwa si ardhi, huelekezwa mahakama ya kawaida. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu, muda unaomtosha mjomba wa Sirari kupata nauli.

Tatu, na hili ndilo la maana, kodi ilipwe kwa mwezi. Wenye nyumba watapinga. Watasema wanahitaji fedha ya mwaka mzima kwa mkupuo ili waweze kufanya ukarabati. Hoja hiyo ni nzito, na mtafiti yuko tayari kuipokea mara tu atakapoonyeshwa ukarabati.