Mjomba, Biashara Yako Huku Ilikuwa na Mfalme

Mjomba, nimekuandikia wewe kabla ya mama, usimwambie, kwa sababu niliyoyaona yanawahusu nyinyi mnaotandika vitabu vya mitumba pale Mtaa wa Samora, jicho moja kwa mteja, jingine linamvizia mgambo. Mjomba, kazi yako huku ina mji mzima. Na mji huo umewahi kuwa na mfalme.

Unaitwa Hay-on-Wye, uko Wales, mpakani kabisa na England. Wakazi hawafiki elfu mbili, maduka ya vitabu yanazidi ishirini. Piga hesabu. Kwetu wingi wa namna hiyo ni wa vibanda vya M-Pesa peke yake.

Treni haifiki, reli ilifungwa kwa abiria mwishoni mwa 1962. Unapanda basi mjini Hereford, mnapita mashamba ya kondoo hadi unaanza kumtilia dereva shaka. Mwaka huohuo wa 1962 kijana mmoja, Richard Booth, alifungua duka la vitabu vikuukuu katika kituo cha zamani cha zimamoto. Biashara ya mji inadorora, majengo yanauzwa bei ya kutupa, yeye ananunua. Akanunua jumba la sinema, akalijaza vitabu. Akanunua na ngome ya kale, akaijaza vitabu. Mzigo aliuchota kwenye majumba ya mabwanyenye walioishiwa na kwenye maktaba za Marekani zilizokuwa zikifungwa, unaingia kwa makontena kama marobota ya soko la Karume.

Tarehe 1 Aprili 1977, Siku ya Wajinga, akatangaza kwamba Hay imejitenga na Uingereza, yeye ndiye mfalme, na waziri mkuu ni farasi wake. Lile tufe ambalo wafalme hushika mkononi, la kwake lilikuwa boya la tangi la choo. Akauza paspoti, akauza na vyeo vya umwinyi. Mgambo hawakuja, Mjomba, walikuja watalii. Mwaka 2004 serikali ileile aliyoiasi ikamtunuku nishani, naye akaipokea. Alifariki 2019, akiwa na miaka 80.

Sasa kaa chini kwanza. Chini ya ngome kuna rafu za vitabu uwanjani, hazina muuzaji wala mlinzi. Kuna kisanduku chenye tundu: unachagua, unatumbukiza pauni yako, unakwenda zako. Pesa ni za matunzo ya ngome. Nilisimama pale nikimsubiri mwizi. Akaja bibi na mbwa wake, akachagua riwaya ya mauaji, akahesabu sarafu mara mbili, akatumbukiza. Mwizi hakutokea. Baadaye nikavitazama vitabu vyenyewe: mwongozo wa programu za kompyuta zilizokwisha kufa, mapishi ya kupunguza unene, tawasifu za wanasiasa waliosahauliwa hata na wake zao. Nikaelewa. Mwizi naye ana heshima zake.

Kilichonitoa jasho kilikuwa ndani ya duka moja lenye ngazi zinazolialia. Mzee mwenye duka aliponiona nachungulia kabati la kioo, akanituma nikanawe mikono. Nikaangalia kama kuna pilau. Hapana, ni kitabu cha mashairi, jalada la ngozi, kingo za kurasa zimepakwa dhahabu. Akakishika, akazipinda kurasa taratibu zikalala mshazari, na pale ukingoni palipokuwa na dhahabu tupu pakatokea mto, daraja, na mvuvi ndani ya mashua. Akaachia, dhahabu. Akapinda, mvuvi huyo! Mchoraji huzibana kurasa zikiwa zimelala hivyo, akachora kwa rangi za maji kwenye ule wembamba wa kila karatasi. Kisha kitabu hufungwa, dhahabu ikapakwa juu. Waliovuma kwa ufundi huo ni akina Edwards wa Halifax, karne ya 18. Mashairi yenyewe sikuyasoma, na kwa jinsi kurasa zilivyokuwa safi, sidhani kama kuna aliyewahi.

Nikauliza bei. Ilikuwa ukurasa wa kwanza, kona ya juu, kwa penseli hafifu. Ndivyo wanavyoandika wote, ifutike bila kuumiza karatasi. Wewe na ile kalamu yako ya wino mzito, Mjomba, acha. Niliisoma ile bei, nikamrudishia kitabu chake kwa mikono miwili. Hata “nipunguzie” ilinikwama kooni.

Jambo moja nimewapendea: wanajua wakubwa wao. Tangu 2007 Hay ina undugu rasmi na Timbuktu ya Mali, ambako, aliandika msafiri Leo Africanus katika karne ya 16, vitabu vilivyoandikwa kwa mkono vilikuwa na faida kuliko bidhaa nyingine zote. Waonyeshe hilo wanaokucheka kijiweni.

Basi mgambo wakija wiki hii, watangazie kwamba kuanzia kwa fundi viatu hadi kituo cha daladala ni nchi nyingine. Ukiupata huo ufalme, Wizara ya Fedha niwekee mimi. Uwaziri mkuu mpe punda, farasi hapo Dar atatufilisi. Boya la choo nitampa mtu anayekuja Desemba.

Mpwao,
Hereford